Mashimo Kwenye Wimbo wa Mama

Niseme mapema kwamba hasira hii bado ninayo, ili msomaji asikae akisubiri mahali nitakapopoa. Ilianza na swali kwenye kioo cha kompyuta: chagua aina ya muziki wako. Chini yake walikuwa wamepanga hip hop, roki, popu, muziki wa klabu, muziki wa gitaa tupu, na mwisho kabisa, mahali pa kutupia mabaki, wakaandika muziki wa dunia. Muziki wa dunia! Hiyo mingine inapigwa mwezini? Nilikuwa chumbani kwangu Iyunga, Mbeya, mablanketi yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi, na mama yangu amekaa kitandani nyuma yangu, mikono mapajani, akisubiri kusikia sauti yake.

"Imekubali?" aliuliza.

"Inauliza wewe ni muziki gani."

"Si uiambie ni wa kumtoa mtoto."

Hapakuwa na mahali pa kuiambia hivyo. Nikabonyeza muziki wa dunia, nikasonya.

Mchana mimi nauza dawa za mifugo Uyole, na muda unaobaki ni wa muziki. Nina kompyuta, maikrofoni moja nzuri niliyoipata kwa kujinyima, na masikio. Kurekodi nimejifunza mwenyewe, na kumiksi pia, yaani kuzipanga sauti zikae pamoja bila kukanyagana. Kinachonishinda ni ile hatua ya mwisho tunayoiita kumasta: kuuchukua wimbo uliokwisha kumiksiwa na kuupa nguvu na usawa, ili ukipigwa kwenye spika kubwa za ukumbini usisikike kama redio ya jirani. Zamani ungemtafuta fundi mwenye studio. Siku hizi zipo huduma mtandaoni ambazo hazina fundi. Unapandisha wimbo, mashine inausikiliza yenyewe, baada ya dakika chache inakurudishia ikiwa na uhakika wote kwamba imekusaidia. Nyimbo zangu mwenyewe nilishazipitisha huko mara nyingi na sikulalamika, kwa sababu nyimbo zangu zina ngoma, zina besi, zinafanana na zile ambazo mashine imezoea.

Wimbo huu ulikuwa wa mama, na haukufanana na chochote.

Kwao mama, Iringa, binti akiagwa hatoki chumbani kwa kuitwa na MC. Anatolewa na shangazi yake mkubwa, dada wa baba yake. Shangazi anasimama anaimba mstari mmoja, kisha ananyamaza. Wanawake wa ukoo wanaitikia. Wakishaitikia, binti anapiga hatua moja. Shangazi anaita tena, ananyamaza tena, wanaitikia, hatua nyingine, hivyo hivyo mpaka binti afike kwenye kiti alichoandaliwa. Wasipoitikia, haendi popote. Anasimama pale pale aliposimama. Mama alinieleza nikiwa mdogo kwamba shangazi hamtoi mtoto peke yake, anauliza tu, na wenye kumtoa ni wale wanaojibu. Tangu hapo nilipenda kuangalia miguu ya mabibi harusi kuliko nguo zao.

Safari hii alikuwa anaagwa binti wa mjomba wangu, kaka yake mama, wa mwisho katika watoto wa kike wa nyumba ile. Mama alikuwa amewatoa dada wote wa binti huyo. Lakini mama alikuwa na uvimbe shingoni, goita, aliokaa nao miaka mingi akiufunika kwa kitenge, na sasa ulikuwa umeanza kulibana koo mpaka analala ameketi. Daktari alisema ukatwe, na usisubiri. Alisema pia, kwa upole, kwamba mshipa wa sauti unapita jirani kabisa na mahali atakapokata. Sauti inaweza kubaki kama ilivyo, inaweza kufifia, inaweza kuondoka. Mama hakuuliza habari za maumivu wala kovu. Aliuliza sendofu ya mtoto, yaani kuagwa kwake, ni kabla au baada. Ilikuwa baada.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Basi wewe mwenye mitambo, uniweke kwenye mitambo yako kabla hawajanikata."

Nikamweka. Alikaa kwenye stuli katikati ya chumba, akavua kile kitenge cha shingoni kwa mara ya kwanza mbele yangu bila aibu, akaimba. Nilimwambia ningeweza kuwaita rafiki zangu wa kwaya tujaze sehemu ya kuitikia, wimbo ukamilike. Alinikatalia kabla sijamaliza.

"Waitikiaji wako Iringa. Wewe niachie nafasi yao."

Kwa hiyo aliita, akanyamaza. Na kunyamaza kwake hakukuwa kupumzika. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza kidogo, anawasikia dada zake na mawifi zake wakiitikia ndani ya kichwa chake, kwa urefu ule ule wanaoitikia kila mara, kisha ndipo anaita tena. Mara mbili tulilazimika kurudia kwa sababu malori yanapandisha karibu na kwetu na madereva wake hawana huruma na honi. Iliyobaki ilikuwa safi, isipokuwa katika nafasi moja ambamo kwa mbali, ukisikiliza sana, lori linabadili gia. Mama akasema hilo tuliache, limepita na njia zake.

Sasa ndipo niliposoma zile tathmini za mtandaoni, watu wakilinganisha huduma za kumasta. Nilisoma nyingi, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyokasirika. Huyu kajaribu kwa ngoma na gitaa, yule kajaribu kwa ngoma na kinanda, mwingine kajaribu kwa ngoma tu. Wanabishana huduma ipi ina besi nene, ipi inang'arisha matoazi. Hakuna hata mmoja aliyejaribu sauti ya mwanamke mmoja aliyekaa kwenye stuli. Nikasema basi, nitajaribu mwenyewe.

Na niwape hapa siri ambayo hizo tathmini hazisemi. Kila huduma inakupa kitufe cha kulinganisha, kabla na baada. Unabonyeza kabla, wimbo wako ni mdogo, umejikunyata. Unabonyeza baada, wimbo umejaa chumba, unasisimka, unatoa kadi ya benki. Lakini kilichoongezeka pale ni sauti tu! Wameifanya ya baada iwe ya juu zaidi, na sikio la binadamu hudhani kilicho juu ndicho kizuri. Ukitaka kujua ukweli, ishushe ile ya baada mpaka zilingane, ndipo usikilize. Nilipofanya hivyo, zaidi ya nusu ya ule uzuri ulipotea hapo hapo. Huo kwangu ni ujanja wa muuza nyanya anayepanga nzuri juu ya ndoo, na muuza nyanya angalau unamwona usoni.

Ile huduma ya kwanza, ya muziki wa dunia, ilinipa vionjo vitatu: chenye joto, chenye mizani na cha wazi. Nikachagua cha joto kwa sababu Mbeya kulikuwa na baridi na nilikuwa nimechoka kufikiri. Mstari wa kwanza wa mama ulikuja vizuri, mnene, karibu. Kisha akanyamaza, na mashine haikuvumilia. Iliona sauti imeshuka, ikaamua kuna udhaifu wa kusaidiwa, ikapandisha kila kilichokuwamo katika ule ukimya: mvumo wa kompyuta, stuli ikilia, mbwa wa jirani. Ilipofika kwenye ile nafasi ya lori, lori likanguruma chumbani likibadili gia, kubwa kuliko mama mwenyewe.

Mama aligeuza shingo yake nzito akanitazama. "Huyo aliyeitikia ni nani?"

Tulicheka, ndiyo. Sikatai kwamba tulicheka, mpaka akakohoa. Lakini nilipomaliza kucheka niliona ubaya wake. Mahali pa wanawake wa ukoo mashine ilikuwa imeweka lori.

Huduma ya pili ilisifiwa kwamba ina akili zaidi. Niliuandaa wimbo upya nikaupandisha. Ulirudi mfupi. Nilidhani mtandao umekata, nikaushusha tena, ukarudi mfupi vile vile. Nikasikiliza. Mama anaita, na kabla mwangwi wa neno la mwisho haujaisha anaita tena, na tena, na tena, kama mtu anayegombana na ukuta. Nafasi zote zilikuwa zimekatwa. Nikatafuta mpaka nikakiona kisanduku kidogo mahali pasipoonekana, kimeshatiwa tiki na wao wenyewe: ondoa ukimya usiohitajika.

Usiohitajika na nani?

Niliwaandikia. Kiingereza changu kikiwa na hasira huwa kizuri kuliko kikiwa kimetulia, nikawaeleza habari yote, shangazi, binti, hatua, waitikiaji. Jibu lilikuja papo hapo, kwa hiyo nikajua hakuna mtu aliyesoma. Lilinipongeza kwa kutoa wimbo mpya. Likasema mfumo wao umegundua sehemu tupu katika wimbo wangu na umezirekebisha kwa ajili yangu. Likanishauri nikipenda niongeze ala. Nilitamani kampuni ile ingekuwa na mlango niende nikaugonge.

Mama alipoisikia ile fupi hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho akasema tu, "Hapa sijamuuliza mtu." Kisha akasema jambo ambalo lilinitia wasiwasi. Mtoto ni wa kaka yake, shughuli ni ya kaka yake, kwa hiyo si vizuri sisi huku Mbeya tumalize mambo bila mjomba kusikia yanavyoendelea. Nimpelekee hizo zilizopo asikilize, asije akasema tulimficha. Nikamwambia hizi ni za kujaribu, hazifai. Akasema ndiyo hivyo hivyo, mpelekee, umwambie ni za kujaribu. Kwao mama mtu hapelekewi jambo lililokwisha, anashirikishwa likiwa bichi. Nikampelekea mjomba zote mbili kwa simu, nikaandika chini yake kwa herufi kubwa kwamba si zenyewe.

Ya tatu niliipata siku moja kabla mama hajalazwa. Haikuwa maarufu, ukurasa wake ulikuwa mbaya, rangi ya samli. Lakini kila ilichotaka kufanya ilikuwa na kitufe cha kuikataza. Usibane, usijaze, usikate, usisafishe. Nilizima kimoja kimoja mpaka kikabaki kipimo kimoja tu, cha kupandisha wimbo wote kwa pamoja, mstari na ukimya wake. Kama kuna anayesoma hapa akitafuta huduma ya kumastia nyimbo zake nyumbani, ushauri wangu wote ni huo: chukua inayokubali kuambiwa acha. Rekodi ilirudi baada ya dakika chache. Mama alisikiliza amefumba macho. Kwenye nafasi ya kwanza nikaona midomo yake inacheza vile vile kama alipokuwa anaimba, akiwasubiri wamalize. Alipofumbua macho alisema, "Hiyo. Hiyo watajua pa kuingilia." Nikaituma kwa mjomba usiku ule ule, nikaandika kwamba hii ndiyo yenyewe.

Upasuaji ulikwenda salama. Uvimbe ulitoka na mama akaanza kulala chali kama watu wengine. Sauti haikurudi. Kilichobaki ni pumzi yenye umbo la maneno, ambayo ukiweka sikio karibu na mdomo wake unaielewa, ukisimama hatua mbili hupati kitu. Daktari alisema tusubiri, mishipa mingine huamka yenyewe baada ya miezi, mingine haiamki. Watu waliokuja kumwona walinitia hasira ya aina yake. Kwa kuwa hatoi sauti wakaamua na masikio hana, wakawa wanampigia kelele. "MAMA POLE! UNAENDELEAJE!" Mama akawa anaitikia kwa kichwa, mgonjwa akiwavumilia wazima.

Mjomba alipiga simu mama akiwa bado wodini. Nikampa shikamoo, akanipa pole nyingi, kisha akaja kwenye jambo lake.

"Mwanangu, mbona huu wimbo wa mwisho umeturudishia wenye mashimo?"

"Mashimo gani, mjomba?"

"Anaimba, inakatika. Anaimba, inakatika. Ile fupi uliyotuma mwanzo ilikuwa nzuri, inatiririka yenyewe. Kamati wameisikia, wameipenda sana. Wamesema imekaa kisasa."

Nilitoka nje ya wodi ili niweze kusema. Nikamwambia ile ni ya kujaribu, mashine imekata nafasi. Nikamwambia hayo mashimo ndipo mnapoingia ninyi. Mjomba si mtu mbaya. Ni mwenyekiti wa kamati ya sherehe ya mwanawe, na mtu akishakuwa mwenyekiti wa kamati akili yake hukaa ukumbini. Alinieleza kwa uvumilivu kwamba wakwe wanakuja na basi zima, watu wa mjini, na spika ikinyamaza katikati ya wimbo watafikiri umeme umekatika, watacheka. Kwamba MC ameupangia wimbo muda mfupi. Kwamba wanawake wataitikia tu hapo hapo, juu kwa juu, wimbo ukiwa unaendelea.

"Haiitikiwi juu kwa juu, mjomba. Unajua haiitikiwi hivyo."

"Mtoto ni wangu, mpwa. Hebu nipe dada niongee naye."

Nikamwambia dada yako hawezi kuongea. Akasema si shida, atasikiliza. Nikarudi ndani nikaweka simu kwenye sikio la mama. Nilimwona anasikiliza. Nilimwona anafungua mdomo, bandeji inanyanyuka shingoni, anasema kitu, anasema tena kwa nguvu mpaka macho yanalowa, na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni yake sikusikia zaidi ya hewa. Nilipoichukua simu mjomba alikuwa anamalizia.

"Umeona? Hajakataa," akaniambia. Akakata.

Nimewahi kukasirika maishani. Nimekasirikia mabosi, nimekasirikia mwanaume mmoja kwa miaka kadhaa. Sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika pale, nimeshika simu iliyokatwa, mama ananivuta mkono nimsikilize. Niliinama. Alikuwa anasema, "Mwambie hapana." Nilipiga tena na tena, mjomba alikuwa kwenye kikao cha kamati. Baadaye akaniandikia kwamba DJ amekwisha kupewa wimbo, tumshukuru Mungu kwa uzima wa dada.

Tulikwenda Iringa siku mbili kabla ya shughuli, na gunia la mchele wa Chimala ambalo bila hilo mama hakukubali kwenda. Mlangoni kwa mjomba tulipokewa kwa salamu ya kwao, kamwene, kamwene, mama akiinamisha kichwa kwa kila mmoja, nao wakirudia kwa sauti kubwa zaidi mpaka nikasema, jamani, anasikia. Nilijaribu kumpata mjomba peke yake. Haikuwezekana. Alikuwa na simu mbili na watu wa mapambo. Nilipompata kwa muda wa kunywa chai alinishika bega akasema hasira zangu nimezirithi kwa marehemu baba yangu. Mama alimshika kaka yake mkono, akamvuta karibu, akamwambia kitu sikioni. Mjomba akampapasa mgongoni. "Ndiyo dada, ndiyo. Usijichoshe. Kila kitu kipo tayari."

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mapema. Baridi ya Iringa ilikuwa imeingia, watu wamevaa makoti juu ya magauni. Wakwe walikuwa upande wao, wamependeza, kimya. Wanawake wa ukoo walijipanga karibu na mlango wa chumba cha pembeni alimokuwa binti, sare zao za zambarau, mikono wameikunja tayari. Mama tulimkalisha mbele, kitenge shingoni. Mlango ukafunguliwa, binamu yangu akasimama kizingitini, miguu pamoja, kichwa chini, kama dada zake walivyosimama.

MC akatangaza kwa mbwembwe. "Shangazi yetu alifanyiwa upasuaji, lakini teknolojia haijatuangusha! Sauti ya shangazi, imetengenezwa kimataifa!"

Spika zikalia. Sikatai kwamba mstari wa kwanza ulijaza ukumbi, hata wakwe waligeuka. Wanawake wakavuta pumzi waitikie. Kabla hawajafungua midomo mama wa kwenye spika alikuwa ameshaita mstari wa pili. Waliokwisha kuanza wakakatiza. Wakasubiri mwisho wa mstari huo, wakajaribu tena, spika ikawapita tena. Mmoja akaitikia peke yake katikati ya neno, akaona aibu, akaziba mdomo. Wakaanza kutazamana, kisha kucheka kile kicheko cha kukosa pa kuweka uso. Baadhi wakatoa simu wakaanza kupiga picha, maana ukishindwa kuwa mwenye shughuli unakuwa mtazamaji.

Na binamu yangu hakutembea. Hakuna aliyeitikia, kwa hiyo hakutembea. Alisimama kizingitini na lile gauni, mstari baada ya mstari ukipita juu ya kichwa chake. MC akamwambia karibu bibi harusi wetu, karibu mrembo, twende sasa. Akanyanyua uso mara moja kumtafuta shangazi yake, akaurudisha chini. Msimamizi wake akamsukuma kidogo kiunoni. Alikataa. Niliona anavyokaza magoti. Upande wa wakwe mtu akauliza kwa sauti kama msichana hataki.

Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye meza ya DJ. Nilikuwa na ule wimbo wenyewe kwenye simu yangu, nikamwambia abadilishe. Akasema ana maelekezo ya mwenyekiti. Nikamwambia tena. Akasema dada, subiri uishe. Nikaufuata waya kwa mkono kutoka kwenye kompyuta yake, nikauchomoa. Spika zikatoa mlipuko, watoto wakalia, kisha ukumbi mzima ukanigeukia. Nikajaribu kuingiza ule waya kwenye simu yangu. Niliutia, ukateleza. Nikautia tena.

Nilipoinua macho mama alikuwa amesimama. Alikwenda mpaka katikati ya njia, kati ya mlango na kiti cha binti, akafungua kitenge akakishika mkononi, kovu likaonekana na wote. Akafungua mdomo. Nilijua anaimba kwa sababu naujua uso wake akiimba. Mshipa ulimtoka pembeni ya shingo, kidevu kikapanda kwa mstari wote na kushuka mwishoni, na hakuna kilichotoka. Ukumbini mtu alikohoa na kikohozi kile kikasikika kuliko yeye. Alipomaliza mstari akainamisha kichwa, midomo ikaanza kucheza.

Wale wanawake wa mbele walikuwa wanamtazama mdomoni. Wakaitikia. Si wote, watatu au wanne, sauti zimekauka. Binamu yangu akapiga hatua.

Mama akanyanyua kidevu, akaita tena bila sauti. Akainamisha kichwa. Sasa wakaitikia waliowafuata pia, ambao hawakuwa wanamwona, waliwaona tu wenzao. Hatua. Mara ya tatu zilirudi simu zote mikobani na ukumbi ule ulitikiswa. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, waya umeshaingia, ule wimbo niliouhangaikia upo tayari. DJ aliniuliza nipige? Nikamwambia aguse aone. Binti alitembea hadi kwenye kiti chake, hatua kwa hatua, akitolewa na watu ambao kila mmoja alikuwa amejibu, na mjomba wangu alisimama kando ya meza kuu ameshika karatasi ya ratiba.

Alikuja kunipata baadaye, kwenye mstari wa chakula. "Unachomoa waya mbele ya wakwe zangu wewe kama nani?" Nilikuwa na jibu refu, lakini mama alimshika kaka yake mkono wa koti akamvuta chini mpaka sikio lake likafika mdomoni. Sikusikia alichomwambia. Kilichukua muda. Safari hii mjomba hakumpapasa mgongoni, na alipoinuka hakunitazama, akaenda kwa wageni wake.

Tulikaa nyuma ya ukumbi, sahani mapajani. Mimi sikuweza kula. Nilikuwa bado namlaani mjomba, namlaani MC, nailaani ile kampuni isiyo na mlango na kisanduku chake kilichotiwa tiki. Mama alikula taratibu, akimeza kwa shida. Kisha akaniegemea.

"Walinisikia?" aliniuliza sikioni.

Nilitaka kumwambia ndiyo. Sikuweza, hakuna aliyesikia, hata mimi sikusikia, nikamwambia hivyo. Alipeleka mkono shingoni.

"Sasa walikuwa wanaitikia nini?"

"Walikuwa wanakuitikia wewe, mama."